Kutafuta ukoo Kenya: uanzie Archives, kanisani, kortini ama kwa ofisi ya ardhi?

Watu wengi wakiamua kutafuta historia ya familia, akili inaenda moja kwa moja kwa Archives, yaani Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue Nairobi, wanaingia asubuhi wakiwa na jina la babu peke yake na jioni wanatoka mikono mitupu wakisema serikali haikuweka kitu. Iliweka, tena kwa wingi. Shida ni kwamba kila ofisi iliandika kile yenyewe ilikuwa inataka, na kama hujui ilikuwa inataka nini utamtafuta mtu wako mahali hakuandikwa kabisa. Kwa hivo wacha nizipange hizi njia kando kando kwa ajili ya yule ako na likizo fupi, pesa ya nauli ya kuhesabu, na hajui aanzie wapi.

Kwanza tuondoe hii ya kaunti. Hizi kaunti 47 zilianza kazi 2013, kwa hivo ukienda kwa ofisi za gavana kuuliza cheti cha kifo cha nyanya utarudishwa tu, manake vizazi na vifo ni kazi ya serikali kuu hata kama ofisi yenyewe iko hapo hapo mjini, na hati za mashamba vilevile ziko chini ya Wizara ya Ardhi. Kile kaunti ilirithi ni mali ya zile kaunsili za zamani: reti za ploti, vibanda vya soko, rejista za makaburi ya umma. Babu alikuwa na ploti kwa senta, ama alizikwa makaburi ya mji? Basi kaunti inakufaa. Kama sivyo, ruka.

Lakini kuna kitu cha mipaka ambacho lazima ukijue kabla hujatoka nyumbani, manake faili ya babu haiko chini ya jina la kaunti ya leo. Mtu wa Vihiga anatafutwa kwa North Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa North Nyanza. Siaya ilikuwa Central Kavirondo, Migori na Homa Bay ni South Kavirondo. Murang'a ni Fort Hall. Kirinyaga ilikuwa ndani ya Embu hadi 1963, Makueni ilikuwa Machakos hadi 1992, Bomet ilikuwa Kericho. Nimeona watu wakipekua makaratasi ya wilaya ambayo wakati huo hata haikuwa imezaliwa, na inauma kuona mtu akipoteza siku nzima hivo.

Sasa Archives yenyewe. Hii ofisi ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria mwaka wa 1965, na mbali na Nairobi iko na matawi Mombasa, Kisumu, Nakuru, Kakamega na Nyeri, kwa hivo usipande basi la Nairobi bila kuuliza kwanza tawi lililo karibu nawe liko na nini. Unajaza fomu, unalipa ada kidogo, unaangalia katalogi, unaandika namba ya faili unangoja iletwe. Namba zenyewe ukizizoea ni rahisi: DC/FH ni diisii (mkuu wa wilaya wa wakati wa mkoloni) wa Fort Hall, DC/KBU ni Kiambu, DC/MKS Machakos, DC/NN North Nyanza, na PC/NZA ni ya mkuu wa mkoa wa Nyanza. Ndani utapata ripoti za kila mwaka, ripoti ambazo diisii alimwachia mwenzake akihamishwa, vikao vya zile Local Native Councils zilizoanza miaka ya 1920, barua za machifu, malalamiko, kesi za mashamba.

Unaona ni watu gani wako hapo? Machifu na mahedimani, walimu wa kwanza, wenye maduka walioomba leseni, waliofungwa, waliotia sahihi barua ya kulalamika, na waliogombania ardhi. Mtu aliyelima shamba lake, akalipa kodi, akakaa na watu vizuri, akafa, anaweza kukosa kutajwa hata mara moja kwa jina. Kwa hivo swali la kujiuliza ni moja tu: huyu mtu wangu aliwahi kusumbua serikali, ama kuifanyia kazi? Ikiwa ndio, Archives ni dhahabu. Ikiwa sio, itakupa habari za kijiji lakini haitakupa mtu.

Kuna kitu kimoja huko naomba usikipite, na hasa kama familia yako ni ya Kiambu, Murang'a ama Nyeri. Miaka ya 1932 hadi 1934 kulikuwa na tume ya ardhi ya Carter, na ushahidi uliotolewa mbele yake ulichapishwa 1934 kwa juzuu tatu nene. Wazee wa mbari (ukoo wa Kikuyu wenye shamba moja) walikuja wakaeleza shamba lao lilianzia mto gani, nani alilinunua, nani alimzaa nani, kwa sababu hiyo ndo ilikuwa njia yao ya kudai ardhi iliyochukuliwa. Kesi za zile korti za wenyeji za wakati wa mkoloni pia ziko hivo: mtu anasimama kutetea kipande cha shamba na anaanza kutaja babu zake mmoja mmoja, na karani anaandika. Ushahidi wa aina hiyo ulikuwa na upande, kila mtu alikuwa anataka kushinda, kwa hivo usiuchukue wote kama ulivyo, lakini majina yapo.

Sasa linganisha hiyo na kanisa, na hapa mimi nasema wazi, kwa familia nyingi za Kikristo kanisa linaishinda Archives kwa mbali. Rabai iko na historia ya misheni tangu 1846, Thogoto 1898, wamisheni wa Consolata waliingia 1902, Maseno ni 1906. Sajili ya ubatizo ya Kikatoliki kwa mfano ni kitabu kikubwa chenye mistari ya safu: namba, tarehe ya ubatizo, jina jipya la ubatizo na lile la nyumbani, jina la baba, jina la mama, kijiji, msimamizi, padri aliyebatiza. Halafu kando kabisa, pale pembeni, kuna nafasi ndogo ambayo wengi hawaisomi, na ndo yenye utamu, manake mtu akifunga ndoa parokia nyingine habari inatumwa kule alikobatizwa inaandikwa hapo. Kwa hivo nyanya aliyepotea kwa sababu aliolewa mbali, unamfuata kwa huo mstari mmoja wa pembeni hadi parokia ya mume wake.

Na fikiria hii: waumini wa kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima. Mtu aliyebatizwa 1915 akiwa na miaka ishirini na kitu, majina ya wazazi wake yakaandikwa, hao wazazi walizaliwa miaka ya 1870 huko. Hakuna karatasi ya serikali ya Kenya itakupeleka huko nyuma kwa mkulima wa kawaida. Ila tarehe ya ubatizo isikudanganye ukadhani ni ya kuzaliwa.

Udhaifu wa kanisa uko pia. Mambo mengi yanategemea huyo sekretari wa parokia na mood ya siku hiyo (usiende Jumapili, usiende Kwaresima ikiisha, piga simu kwanza, beba barua ya jumuiya yako na sadaka kidogo). Parokia za leo ni changa, kitabu cha 1920 hakiko kwa parokia yenu, kiko kwa ile misheni mama ambayo yenu ilizaliwa kutoka kwake. Na kuna makanisa ambayo hayabatizi kwa maji kabisa: Friends wa Kaimosi, yaani Wakweka, waliofika 1902, hawana sajili ya ubatizo, sawa na Salvation Army, kwa hivo mtu wa Vihiga ama Kakamega mwenye familia ya Kikweka aulize vitabu vya washirika na vya ndoa, asikasirikie karani bure. Barua na ripoti za wamisheni wa CMS, lile shirika la misheni la Waanglikana, nazo ziko Uingereza, chuo kikuu cha Birmingham, na hizo ni za hatua ya baadaye sana, usianzie huko.

Kuna jambo la wanawake ambalo kwangu ndo linaamua mchezo. Kodi ya kibanda ilianza mwanzo mwanzo wa karne ya 20 na aliyeandikwa ni mwanaume mwenye nyumba, hata kama nyumba zenyewe ni za wake watatu. Kipande, kile kikaratasi cha alama za vidole kilichobebwa kwenye kijaluba cha chuma shingoni kuanzia miaka ya 1919 na 1920 hadi kikaondolewa 1947, kilikuwa cha wanaume. Hata kitambulisho cha kawaida wanawake walianza kuandikishwa 1978. Kwa hivo nyanya aliyefariki 1970 serikali inaweza kukosa kabisa kumjua, lakini kanisa linamjua, manake alibatizwa, alifunga ndoa, na jina lake liliandikwa kila alipopeleka mtoto kubatizwa. Ukiwa unatafuta upande wa kina mama, acha Archives, nenda parokiani. Hapo sina wasiwasi hata kidogo.

Tukija kwa cheti cha kuzaliwa, hiyo wacha niipitie haraka. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza 1904 lakini ulikuwa wa lazima kwa Wazungu, halafu Wahindi wakaongezwa 1906, Waafrika wakafikishwa kidogo kidogo hadi nchi nzima ikaingia 1971. Kwa babu hakitakusaidia. Cheti cha kifo ndo afadhali, kina mahali na tarehe, ingawa umri ulioandikwa mara nyingi ni wa kukadiria.

Sasa niwaambie ile faili ambayo watu hawaifikirii kabisa na mimi naiweka juu ya zote kwa mtu aliyefariki kuanzia miaka ya themanini kuja mbele: kesi ya urithi kortini, ile watu huita saksesheni. Sheria ya urithi ilianza kutumika 1981, na ili familia igawe mali ya marehemu lazima ipeleke barua ya chifu yenye orodha ya wake na watoto wote wa marehemu, walio hai na waliokufa wakaacha watoto, mabinti walioolewa nao ndani, kisha afidaviti, yaani hati ya kiapo, inayorudia majina hayo na umri wao, cheti cha kifo, na sachi ya shamba, ile karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenye shamba ni nani. Hiyo ni familia nzima kwa kurasa chache, imeapiwa. Na kama kulikuwa na mtu aliyepinga, basi kuna afidaviti zingine zinazoeleza nani alifukuzwa wapi, nani alilelewa na nani, nyumba ya kwanza ilikaa upande gani wa shamba.

Ubora wa pili wa hii njia ni kwamba unaanza ukiwa umekaa kwako. Notisi za kesi hizi zinachapishwa kwa Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, na matoleo mengi yako kwa intaneti bila malipo, ya zamani na ya sasa, unaandika jina la marehemu tu na kutafuta. Notisi inakupa jina lake, alikokuwa akiishi, tarehe na mahali alipofariki, aliyepeleka ombi na uhusiano wao, korti gani, na namba ya kesi. Ukishapata namba, unaenda rejistri ya hiyo korti na kuomba kuona faili. Ukienda bila namba utazungushwa hadi uchoke.

Ila jihadhari. Orodha zingine zimefichwa watu, hasa mabinti na watoto wa mke mdogo, kwa hivo ilinganishe na sajili ya ubatizo kabla hujaiamini. Na la pili, ukianza kuuliza maswali ya ukoo ushago, wale binamu watadhani unatafuta shamba. Hii si mzaha, watu wamekosana kwa ajili ya hili. Keti kwanza na wazee, waambie mbele ya watu kwamba unachoandika ni majina ya ukoo na kila nyumba itapewa nakala, ndo baadaye uende kortini.

Ofisi ya ardhi inakaa karibu na hiyo faili ya korti lakini ni nyembamba zaidi. Kule Mkoa wa Kati mashamba yaliunganishwa na kuandikishwa katikati ya miaka ya 1950 baada ya mpango wa kilimo wa serikali ya mkoloni, ule wa Swynnerton wa 1954, sehemu zingine nyingi zilifuata baada ya sheria ya 1968. Ukipata ile kadi ya kijani inayobaki ofisini utaona mwenye shamba wa kwanza, tarehe, na kila jina lililofuata, baba akafuatwa na mtoto akafuatwa na wajukuu wanne waliogawana. Inapendeza kuiona. Lakini bila namba ya shamba huwezi kufanya sachi, wanawake hawamo kwa zile za mwanzo, na wale waliokuwa kizuizini wakati wa Emagensi (ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau) wengi wao walirudi wakakuta ardhi imeandikwa jina la mtu mwingine, kwa hivo kukosa jina la babu hapo si ushahidi kwamba hakuwa na shamba.

Basi mtu achague vipi? Mtu wako alifariki baada ya 1981 na aliacha mali, anza na Gazette usiku huu huu ukiwa na simu yako. Alifariki kabla ya hapo na alikuwa Mkristo, anza na misheni mama. Unatafuta mwanamke, kanisa. Alikuwa chifu, mwalimu, mfungwa ama mtu wa siasa, Archives, na kumbuka kwamba faili za miaka 30 ya karibuni kwa kawaida hazijafunguliwa. Unajua shamba lakini hujui watu, ofisi ya ardhi. Hujui chochote isipokuwa jina moja, basi hakuna ofisi itakusaidia bado, tafuta wazee.

Wazee sikuwaweka kwenye mashindano kwa sababu bila wao hizo zingine zote hazifunguki. Jina la babu kwenye karatasi linaweza kuwa limeandikwa namna tatu, Njoroge s/o Kimani hapa, Njorogi Kimane pale, na ni mzee tu anayejua kwamba alikuwa pia na jina la utani ambalo karani alilichukua kama jina halisi. Usimuulize mzee mwaka, atakupa wowote ili akuridhishe. Muulize rika. Muulize njaa. Mkamba akikutajia Ngomanisye uko mwishoni mwa miaka ya 1890, Mkikuyu akisema ng'aragu ya Ruraya ni wakati huo huo, akisema ya mianga ni 1943. Homa kubwa ni 1918. Kwa Wakalenjin rika linakupa kipindi kizima, ukisikia mtu ni Nyongi ama Maina unajua anakaa wapi kwa mpangilio, ila marika yao yanazunguka na kurudi, kwa hivo hakikisha ni mzunguko gani. Na kwa Wakikuyu majina yenyewe yanakuonyesha nyuma, kijana wa kwanza anachukua jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama, kwa hivo ukiwa na watoto wote kwa mpangilio una majina ya wazazi wa pande zote mbili. Mwambie pia nyanya akufungulie lile sanduku la bati, manake kadi ya ubatizo, risiti za kodi na hata kipande chenyewe huwa humo chini ya leso.

Watu wa Pwani hesabu yenu ni tofauti kidogo. Msururu wa bin na binti unakuja na nasaba tayari, Mwislamu hana sajili ya ubatizo lakini ana korti ya Kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi, na ule mwambao wa maili kumi ulikuwa na sheria yake ya hati za ardhi tangu 1908, ambapo watu walileta madai yao yakaandikwa. Hapo ofisi ya ardhi na Kadhi zinachukua nafasi ambayo bara inachukuliwa na kanisa. Isipokuwa kwa familia za Frere Town, kijiji cha waliokombolewa utumwani kilichoanzishwa 1875, na za Rabai, ambazo karatasi zao zinaanzia kwa Waanglikana, na mara nyingi jina la ubatizo ndo jina la kwanza kuandikwa la familia hiyo hapa Kenya.

DNA watu wananiuliza sana. Itakuonyesha binamu wa mbali aliyepima, haitakuambia jina la babu yako, na kwa vile Wakenya waliopima bado ni wachache mimi ningeweka hiyo pesa kwa nauli ya kwenda misheni.

Na kwa wale wanaotafuta waliofungwa wakati wa Emagensi, kuanzia 1952 hadi 1960, manake najua mko wengi. Watu wamesikia kuhusu zile faili zilizofichwa Hanslope Park Uingereza zikatokea 2011 wakati wa kesi ya Mau Mau, na sasa ziko Kew, kwa Nyaraka za Taifa za Uingereza, chini ya namba FCO 141, wanadhani jina la babu liko huko. Hizo ni karatasi za utawala zaidi, maamuzi na barua za wakubwa, na ni za thamani kubwa ukitaka kujua kambi iliendeshwaje. Kwa jina la mtu anza nyumbani, uliza alipelekwa kambi gani, Manyani, Mageta, Hola ama Mwea, alichukuliwa kutoka wapi (waliochukuliwa Nairobi kwenye msako wa Anvil wa Aprili 1954 huenda hawakuandikwa chini ya wilaya zao peke yake), halafu ingia Archives Moi Avenue na jina la kambi, wilaya ya wakati huo, na jina lake kwa kila namna linavyoweza kuandikwa.